Nyota Zinazotoka Kundini

Habari za kifo cha Ngassa zilinifikia Bariadi kwa simu, nikiwa nasahihisha mitihani katika ofisi ya walimu, na jambo la kwanza nililojiuliza halikuwa namna alivyokufa. Nilijiuliza ni nani angeipiga ngoma yake kubwa siku ya mazishi. Ngassa alikuwa ningi, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kundi la ngoma, na kwa watu wake wa Mkula ningi hazikwi kimya. Hupigiwa ngoma yake mwenyewe, tena na mkono ulioizoea. Mkono ulioizoea ulikuwa mmoja tu, wa Masanja, na Masanja alifukuzwa katika kundi hilo mimi nikiwa bado msichana, kwa kosa ambalo kila mtu alilitaja na hakuna aliyewahi kulithibitisha. Machozi ya misibani sijawahi kuyaamini sana. Miaka ya kufundisha imenizoeza kuwatazama watu mikono wanapozungumza, si midomo, na kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilipanda gari la kwenda Mkula kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi.

Nilikuta turubai limefungwa, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki na mabenchi ya kanisani, akina mama wako kwenye mikeka upande wa jiko, na spika mbili zinakoroma kabla hata hajatokea mtu wa kusema. Ngoma kubwa ilikuwa imewekwa chini ya upenu, karibu na moto mdogo wa kukaza ngozi yake. Viti vilikuwa haba, watu wengine walisimama juani, na bado hakuna aliyekaa karibu na ngoma ile. Nililiona hilo kabla sijaliona jeneza. Shija, mpwa wa marehemu, ambaye sasa ana duka kule Binza na siku hiyo alikuwa msemaji wa familia, alinijia akiwa ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku asimponyoke.

“Mwangaluka, Ticha.”

“Mwangaluka, Shija. Ngoma atapiga nani?”

“Wee Ticha! Hata kiti hakijapata moto, umeshaanza kutusahihisha.” Alicheka kidogo, kisha akatazama pembeni. “Kuna kijana tumemchukua kutoka Lamadi. Anapiga vizuri tu.”

“Na Masanja?”

“Masanja yuko Kalemela na mpunga wake. Hatukumkataza kuja.”

Jibu la namna hiyo nalifahamu. Mtu asemapo hakukataza, huwa anamaanisha hakumwita, na anakutaka wewe usiulize tofauti iliyopo.

Mwaka Masanja alipofukuzwa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kujitolea kufundisha katika sekondari iliyokuwa karibu na hapo, nikapewa chumba katika kaya ya Ngassa. Kilikuwa ghala la pamba kabla yangu, na hata walipolifagia, nyuzi nyeupe ziliendelea kushuka kutoka kwenye mbao za paa na kutua juu ya vitabu vyangu. Harufu ya mbegu za pamba, kavu na yenye mafuta kwa mbali, haikutoka kwenye shuka zangu mwaka mzima. Ukuta kati ya chumba hicho na jiko haukufika kwenye bati. Ulikomea kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Kwa hiyo nilijua mboga ya siku kabla haijapakuliwa, kama ni nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au ni dagaa, na nilijua nani kamnunia nani. Sikutega sikio. Katika nyumba ile, kutosikia ndiko kulikohitaji bidii.

Kundi la Ngassa lilikuwa kundi la kazi kabla ya kuwa kundi la mchezo. Msimu wa kulima walialikwa kwenye mashamba ya watu, wakajipanga mstari mmoja, na Masanja akatembea mbele yao kinyumenyume na ngoma ikiwa begani, akiwavuta. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja. Jioni mwenye shamba alichinja, wakala, na Ngassa akatunga papo hapo wimbo wa kumsifu au wa kumsengenya kulingana na ukubwa wa vipande vya nyama. Pamba ikishavunwa walitoka kwenda kushindana na makundi mengine, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja uwanjani, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye aliyeshinda. Walikuwa wamelima na kucheza pamoja tangu ujanani. Ngassa na Masanja walikula sahani moja kila jioni, matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na mmoja alipoacha sentensi katikati mwingine aliimalizia. Nilipofika nilidhani nimekuta kitu kisichoweza kuvunjika. Leo kila ninapoona kundi la watu linajisifia ukongwe wake, naanza kutafuta mlango wa nyuma.

Shuleni kulikuwa na darubini ndogo, na mwalimu wa fizikia, Kulwa, kijana mwembamba asiyeweza kula bila kueleza jambo, ndiye pekee aliyejua kuitumia. Wakati wa kupanda, jua likishazama, tuliitazama Kilimia, lile kundi la nyota linalotangaza msimu wa kulima, ikipanda upande wa mashariki. Wakati wa mavuno aliielekeza kusini, juu kabisa, kwenye kidoa chenye ukungu ambacho kwa macho matupu ungekidhania ni nyota iliyofutwa vibaya. Jioni moja ya mavuno Ngassa na Masanja walikuja kuona kile walimu walichokuwa wanakipotezea muda.

“Kilimia ile mliyolimia mwaka huu,” Kulwa aliwaambia, “ni kundi changa, baba. Ni mtoto.”

“Mtoto!” Ngassa alicheka mpaka akashika goti. “Babu yangu alilima kwa huyo mtoto. Mwalimu, na mzee wao yuko wapi?”

“Chungulia hapo.”

Masanja ndiye aliyechungulia kwanza, na akakaa muda mrefu. “Ni kama mtu kamwaga unga,” alisema. “Katikati umejaa, pembeni unatawanyika.”

Kulwa alifurahi kama aliyepata mwanafunzi hatimaye. Alisema ule ni mpira wa nyota nyingi mno, zilizozaliwa pamoja zamani sana, karibu na mwanzo wa vitu vyote, na zinashikana kwa uzito wao wenyewe. Hata hivyo hazikai vilevile. Zinapopishana, moja humpa mwenzake mwendo. Zile nzito hupoteza mwendo na kuzama katikati. Zile nyepesi huupata na kukimbilia pembeni, na baadhi hutoka kabisa, zikanyakuliwa na mvuto wa nyota nyingine zote zinazolizunguka kundi. Hakuna mlipuko. Hakuna siku ambayo mtu angesema, leo limevunjika.

“Zinazotoka,” Ngassa aliuliza, “nani anazitoa?”

“Hakuna, baba. Ni kupishana tu.”

“Mwalimu, kitu hakitoki mahali pasipo mtu.”

“Huku juu hakuna mtu. Na tena, kila inayotoka, zilizobaki husogeleana zaidi.”

Ngassa aliliondoa jicho kwenye darubini. “Zilizobaki husogeleana,” alirudia, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia anapoonja mstari wa wimbo mpya. Kisha alisema ng'ombe hawajafungwa, akamvuta Masanja mkono, wakaondoka. Kulwa hakuwa amemaliza. Sehemu iliyobaki aliniambia mimi peke yangu tulipokuwa tunaifunga darubini: kwamba moyo wa kundi ukibana sana hupata joto na kurusha nyota nyingine kwa kasi zaidi, na kinachouzuia usijiporomokee ni nyota mbili zilizokaa karibu mno katikati, zinazozungukana, ambazo mwendo wao hugawiwa kwa zote zinazopita. “Zitoe hizo mbili,” alisema, “na moyo hauna kitu cha kuushikilia.” Nimeliwaza sana lile neno la ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamefungwa tangu magharibi, niliwaona mwenyewe.

Maana mwaka ule kundi lilikuwa limeanza kupungua. Shija, wakati huo kijana mwepesi wa miguu aliyecheza mstari wa mbele, ndiye aliyetangulia kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Alifuatwa na wawili waliokwenda Mwanza, kisha mmoja aliyeokoka na kuambiwa kanisani kwamba ngoma ni ya shetani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna sababu iliyofanana na nyingine. Ningi hawezi kuikubali hesabu ya namna hiyo. Jioni, sufuria la ugali likiwa katikati, maneno yalianza kubadilika. Awali walimtania Shija, wakisema atachimba hadi akutane na babu yake. Baadaye utani uliisha, wakabaki na maswali: nani alimsindikiza, nani alimwonyesha njia, kwa nini wapinzani wetu wanaongezeka na sisi tunapungua. Niliwaona watu waliolima mstari mmoja miaka yote wakianza kuchagua mahali pa kukaa.

Ndipo ukafika mchezo mkubwa wa baada ya mavuno, na watazamaji wakawahama. Nilikuwapo. Walianza pande zote mbili zikiwa sawa, kisha duara la watu likaanza kuyeyuka upande wetu na kunenepa upande wa pili, hadi Masanja akabaki anawapigia watoto na mzee mmoja kipofu. Wapinzani waliimba: “Ngassa, rudi ukalime, hata inzi wamekuacha!” Kila kundi la ngoma Usukumani lina dawa ya mvuto, na ya kwao ilikuwa mfuko mdogo wa ngozi uliofungwa ndani ya ngoma kubwa. Waliporudi nyumbani Ngassa aliamuru ngozi ilegezwe mbele ya wote. Ndani hamkuwa na mfuko.

Hakupaza sauti. Alisema tu, “Kikulacho ki nguoni mwako,” akamtazama mpiga ngoma wake. Methali hupendwa kwa kuwa ina hekima ya wengi. Mimi huiogopa kwa sababu hiyohiyo, maana mtu akiitamka hahitaji tena ushahidi. Ngoma ililala mikononi mwa Masanja kila safari. Nani mwingine angeuchukua, na wapinzani wangeupata wapi? Mwenye wimbo wa uchungu aliuimba, mwenye chuki ya zamani aliitoa. Masanja aliulizwa kama ameuza. Alijibu, “Sijauza,” mara moja, na hakuongeza neno. Kabla jua halijashuka alikuwa amefukuzwa, na kama desturi yao ilivyo kwa msaliti, mkewe alirudishiwa mlangoni kila chombo alichowahi kuwaazima wake wa wenzake, bakuli, ungo na chekeche, pasipo salamu.

Jioni iliyofuata nilikuwa nimelala chali juu ya kitanda changu, nikizitazama nyuzi za pamba zikishuka, wakati Ngassa alipoingia jikoni alimokuwa mkewe, mayu Nkwimba, yaani mama Nkwimba.

“Leo umekula peke yako,” mayu Nkwimba alisema.

“Nitazoea.”

“Mfuko uko wapi, baba?”

“Kwenye kihenge chako. Chini ya mtama.”

“Uliutoa mwenyewe.”

“Hujaona walivyokaa leo? Hakuna aliyekaa kando. Juzi kila mtu alikuwa na njia yake. Leo wamesogeleana.”

“Na Masanja?”

“Masanja ana moyo mpana. Kundi lisilo na adui halikai, Nkwimba. Nitamrudisha baadaye.”

Nililisikia neno lile la Kulwa likipikwa upande wa pili wa ukuta wangu, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuwashuku watu wanaotoa siasa yao kutoka kwenye maumbile. Asubuhi nilikwenda kwa Masanja kabla ya kengele ya shule. Alikuwa anafunga mizigo kwenye baiskeli. Nilimweleza yote, tangu kihenge hadi mtama, naye akaendelea kukaza kamba.

“Najua, ng'wanawane, mwanangu,” alisema. “Nilipoinyanyua siku ile ya mchezo niliiona nyepesi. Na nyumba inamolala ngoma tukiwa hatusafiri, yuko nani?”

“Basi kwa nini hukusema?”

“Ningesema, kundi lingekufa pale pale uwanjani. Nikienda mimi, labda watabaki.” Alijaribu mzigo kwa goti. “Usiliseme. Ni neno langu. Nitalisema mwenyewe siku nikilitaka.”

Lilikuwa lake kweli, na nimelitunza kama kitu cha mwenyewe. Lakini alikosea kuhusu kubaki. Kwa majuma kadhaa walikuwa wamoja kwa namna ya kutisha. Walikula wamebanana, walicheka kwa pamoja, walimlaani Masanja kwa sauti moja. Kisha sauti ile ikahitaji jina jipya. Mtu alichelewa shambani, akaulizwa alikuwa na nani. Mwingine alionekana Kalemela akinunua samaki, na hiyo ikawa safari ya kumwona msaliti. Walikuwa wamejifunza kwamba kundi huponywa kwa kumtoa mtu, na dawa ikishaaminiwa hurudiwa. Walitoka haraka kuliko walivyotoka kabla, sasa si wepesi tu, hata wazito. Mvua za kupanda ziliporudi na Kilimia ikaonekana tena jioni, Ngassa alilima na wanawe na jirani mmoja. Hapakuwa na mtu mbele ya mstari anayetembea kinyumenyume. Nilimwambia Kulwa yote niliyoyaona isipokuwa lile neno la Masanja, naye akasema, kwa upole uliokusudiwa kunifariji, kwamba makundi yote ya kale huishia hivyo, kwamba hakuna mwenye kosa. Nilimjibu kwamba nyota hazirudishiani vyombo mlangoni. Hatukuzungumza tena kwa siku nyingi, na hadi leo sijaona sababu ya kulirudisha jibu lile.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani chini ya turubai wakati ibada ilipokwisha na Shija akakishika tena kipaza sauti. Masanja alikuwa amefika. Sikumwona akiingia, nilimwona tu kwa sababu watu wa benchi la nyuma walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kupita mahitaji yake. Mvi zilikuwa zimemjaa, na tope la majaruba lilikuwa limekaukia kwenye viatu vyake. Shija alisoma historia ya marehemu, akashukuru waliochanga, kisha akatamka lile tangazo linalotolewa kabla ya kila mwili kushushwa kaburini.

“Kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze kwa familia.”

Kwa kawaida hakuna anayejitokeza hapo hapo. Watu huja pembeni, kwa adabu. Masanja alisimama.

“Mimi namdai.”

Spika zilikoroma. Shija alikohoa. “Baba, hayo ya fedha tutakaa baadaye, ndani...”

“Si fedha. Namdai jina langu.”

“Mzee, leo si siku yake,” mtu mmoja alisema kutoka kwenye viti vya plastiki.

“Siku yake ni ipi?” Masanja aliuliza. “Kesho nitamdai nani?”

Wengine waliguna, mmoja akacheka kwa pua, na nikaona mikono ikikunjwa vifuani, safu baada ya safu. Shija alitazama jeneza kana kwamba jibu lingetoka humo. Nilikuwa nimeshaweka mkoba wangu chini ili nisimame, kwa kuwa mwenye neno alikuwa amelifungua mwenyewe. Lakini mayu Nkwimba alinitangulia. Alijiinua kwenye mkeka kwa kushika bega la mwanamke aliyekuwa jirani yake, na hakuomba kipaza sauti.

“Haukuuzwa,” alisema. “Mfuko ule aliutoa mume wangu kwa mkono wake. Ulikaa kwenye kihenge changu, chini ya mtama, mpaka panya wakaula. Masanja hakuuza kitu. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua.”

Nilitegemea aibu. Kwa umri wangu, sijui kwa nini niliitegemea. Badala yake nikasikia minong'ono ikianza kwenye mikeka, pale pale alipokuwa amekaa. “Kumbe alijua.” “Miaka yote anakula nasi.” “Na nani anajua kama si yeye mwenyewe aliyeutoa? Marehemu hawezi kujibu.” Niliyaona macho yakihama. Yalimwacha Masanja, yakavuka uwanja taratibu, yakatua juu ya mjane, na mwanamke aliyekuwa amempa bega akajivuta kando kidogo, kama mtu anayetafuta kivuli. Ningi alikuwa bado hajazikwa, na wimbo wake ulikuwa umeshapata jina jipya.

Masanja aliyaona kama nilivyoyaona. Alitoka kwenye benchi lake, akapita katikati ya wanaume bila kumwangalia yeyote, akaenda chini ya upenu. Aliipiga ngozi kwa kidole mara moja, akaisogeza motoni, akaisikiliza tena. Kisha akaibeba begani, mzee yule, akaenda nayo hadi upande wa jiko, kwenye mikeka ya akina mama ambako mwanamume hakai siku ya msiba, akaishusha mbele ya mayu Nkwimba.

“Shemeji, sogea kidogo,” alisema. “Hii inataka nafasi.”

Mayu Nkwimba alisogea. Masanja aliketi bega kwa bega naye, akiwatazama watu wote wale, kiasi kwamba aliyetaka kumwangalia mjane kwa ubaya ilimbidi amwangalie na yeye, akaanza kupiga mapigo ya kulima, yale ya jembe kupanda na jembe kushuka. Niliitazama mikono ya watu. Ilibaki imekunjwa kwa muda mrefu. Wa kwanza kuifungua ya kwake alikuwa kijana wa Lamadi, yule aliyechukuliwa kuipiga ngoma ile. Aliinama, akaziweka fimbo zake chini.